SOMO LA AFYA: KUTUNZA KINYWA BAADA YA SARATANI

Mwenzetu akirudi Mpanda kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, baada ya kutibiwa saratani ya kinywa kwa mionzi, tunasema, "Amepona." Yamkini saratani imekwisha, lakini kinywa kitahitaji kutunzwa maisha yote. Na kwa kuwa Dar es Salaam ni mbali, kazi hiyo ni ya hapa nyumbani.

Kwanza, mate. Mionzi hudhuru tezi za mate, kinywa kikakauka. Mate hulinda meno; yakipungua, meno huoza upesi. Basi anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, apige mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, aache tumbaku na pombe.

Pili, taya. Misuli hukaza, mdomo usifunguke vizuri. Afanye kila siku mazoezi ya kuufungua na kuufunga, kama alivyofundishwa.

Tatu, na hili ni kubwa: jino likiuma, asikimbilie kung'oa. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida. Jino likitolewa, kidonda chaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa, hata baada ya miaka mingi. Kwanza amwambie daktari wa meno, "Nilipigwa mionzi," na amwonyeshe karatasi zake.

Nasi majirani je? Tukimkaribisha mezani, tusimlaumu akishindwa na ugali mkavu. Tumpikie uji, au mlenda wa kulainisha tonge, tena tumngoje amalize. Anayekula polepole asiachwe kula peke yake.