Dondoo muhimu: Kutoka Nakuru hadi New York kwa ndege

Msafiri wa Nakuru aendaye New York hukosea anapohesabu muda wa angani pekee.

1. Aanze na barabara ya kilomita 160 hivi hadi Nairobi, kwa kuwa msongamano wa Gilgil na Naivasha, hasa Jumapili jioni, huweza kumchelewesha sana. Kulala Nairobi ni salama zaidi.
2. Asikadirie muda kwa umbali tu: safari ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, iliyoanzishwa Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwani pepo za juu zivumazo kuelekea mashariki huisukuma ndege inaporejea.
3. Akumbuke kwamba tiketi huonyesha saa za kila mji, na New York iko nyuma ya Kenya kwa saa 7 au 8, kutegemea majira.
4. Afike uwanjani saa 3 kabla ya ndege kuondoka.