Chama Kikitaka Kununua Injini ya Boti: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Ukitaja Theta kwa mtu wa Nairobi, atafikiria ploti, machimbo ya mawe na foleni ya Thika Road. Boti haiko kwa hiyo orodha. Lakini mjomba wangu na wenzake wa chama, watu 12 kwa jumla, waliamua kwamba pesa zao haziendi kwa ploti nyingine. Wanataka boti ya kubeba watalii kule Ziwa Naivasha, na wana mtu wa huko mwenye nafasi ya kuegesha.

Mchango ulikuwa shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki. Piga hesabu: 624,000 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili walikuwa na milioni 1.2 na kitu. Wakatengenezewa boti ya pantoni, ile ya jukwaa tambarare linalokaa juu ya mapipa mawili marefu ya alumini. Kisha wakatafuta injini ya kufunga nyuma, na hapo ndipo mambo yaliharibika.

Waliona tangazo, wakapiga simu, wakatuma dipositi ya 150,000 kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Injini ilikuja kweli, hawakuibiwa. Shida ni kwamba ilikuwa fupi. Propela ilifika juu juu tu majini, ikawa inavuta hewa na kupiga kelele huku boti imesimama pale pale.

“Mjomba, mlimwambia muuzaji urefu wa shafti?”

“Shafti gani tena, mpwa wangu? Tuliitisha injini ya boti, si gari.”

Muuzaji alisema aliuza alichoombwa, na kusema kweli ni vigumu kumpinga. Wakaomba pesa irudishwe, ombi likakataliwa. Mwishowe waliiuza injini kwa hasara ya 90,000. Hiyo ni michango ya chama kizima kwa zaidi ya wiki saba.

Mimi hufanya kazi ya kuwaeleza wateja jinsi ya kulipa vizuri kwa simu. Kisa hiki kilinifundisha kwamba malipo salama huanza kabla hujagusa simu. Huwezi kulinda pesa yako kama hujui unanunua nini. Kwa hivyo leo tuongee injini kwanza, simu baadaye.

Uzito

Swali la kwanza la watu wengi ni “hosipawa ngapi?”, yaani ile namba inayoandikwa HP kwenye kifuniko. Anza na uzito badala yake.

Chukua boti yenye mapipa mawili, kila moja lina kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 6. Pipa moja kama hilo likizama lote linasukuma maji ya karibu kilo 1,700. Mawili ni kama kilo 3,400. Lakini hutaki mapipa yazame yote, unataka karibu nusu yabaki juu. Kwa hivyo uzito wako wote, pamoja na boti yenyewe, usipite kilo 1,700 hivi.

Sasa jaza: jukwaa, mapipa, viti na paa, tuseme kilo 600. Abiria 10 wa kilo 75, hiyo ni 750. Nahodha 75. Injini na tangi la mafuta, weka 120. Jumla ni 1,545. Imeingia, lakini nafasi iliyobaki ni ya watu wawili tu. Yule mwanachama anayesema “tubebe 18 siku ya Krismasi” muonyeshe hesabu hii.

Kwa mzigo kama huo na safari za polepole za kutazama viboko na ndege, hosipawa 40 ni chaguo la busara. 25 itasukuma boti siku ya utulivu. Ila upepo wa alasiri ukianza Naivasha, na yeyote aliyefika huko anaujua, jukwaa lenye paa linageuka tanga. Hapo ndipo unahitaji akiba ya nguvu ili urudi ufuoni.

Naivasha iko juu, na injini inajua

Hili mjomba hakuambiwa na mtu yeyote. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, juu hata kuliko sisi huku Juja na Theta. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini inahitaji hewa ili ichome petroli. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa Naivasha hiyo ni kama asilimia 18 au 19.

Maana yake injini iliyoandikwa 40 inafanya kazi kama ya 32 au 33. Ile ya 25 inabaki 20 hivi. Kwa hivyo mtu wa Mombasa akikwambia 25 inamtosha, hakudanganyi. Yeye yuko usawa wa bahari. Chama chako kikiamua kwenda Bwawa la Masinga badala ya Naivasha, ambako ni karibu mita 1,050, hasara inashuka hadi kama asilimia 10.

Kama injini ni ya kabureta, muulize fundi pia kuhusu kuirekebisha kwa ajili ya mwinuko. Bila hivyo inameza petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, inatoa moshi mweusi na plagi zinachafuka.

Shafti: chukua futi kamba

Pima kutoka juu ya ubao wa nyuma, pale injini inaponing'inia, hadi chini pale ubao huo unapoishia. Injini za shafti fupi ni za ubao wa inchi 15, kama sentimita 38. Shafti ndefu ni inchi 20, kama sentimita 51. Kuna ndefu zaidi za inchi 25. Boti ya mjomba ilikuwa na sentimita 51. Wakaletewa ya 38. Tofauti ya sentimita 13 iliwala 90,000.

Injini ikishafungwa, lile bamba bapa lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti au lishuke kidogo. Likiwa juu zaidi, propela inavuta hewa. Likishuka sana, unaburuta chuma majini na kuchoma mafuta bure. Na upime boti ikiwa na mzigo, si ikiwa tupu kwenye trela.

Mipigo miwili au minne?

Injini ya mipigo miwili ndiyo ile ya kuchanganya oili na petroli. Wavuvi wengi wa Pwani na Ziwa Victoria wanaijua: Yamaha Enduro imekuwa kazini miaka mingi, fundi wake hakosekani na spea zinapatikana. Ya hosipawa 40 ina uzito wa kilo 70 na kitu. Mchanganyiko wa kawaida ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na oili huongezwa wakati wa kuilainisha injini mpya, lakini fuata kitabu cha injini yako.

Ya mipigo minne ina oili yake ndani kama gari. Ni nzito, karibu kilo 100 kwa hosipawa hizo hizo, na bei yake ya kununua iko juu. Lakini ni kimya, haitoi moshi mwingi na inakula kidogo. Kwa mvuvi kimya si hoja. Kwa mtalii aliyelipa kumsikia tai mvuvi akilia, ni kitu kikubwa. Maoni yangu ni haya: kama ni boti ya wageni na mfuko unaruhusu, chukua mipigo minne.

Kuna pia injini za umeme. Kule Ziwa Victoria wavuvi kadhaa tayari wanazitumia. Kwa safari fupi za polepole zinavutia sana, ila uliza kwanza utachaji wapi na betri mpya itagharimu ngapi.

Kuhusu mafuta, injini ya hosipawa 40 ya mipigo minne ikifunguliwa yote inaweza kunywa karibu lita 15 kwa saa. Kwa mwendo wa kutembeza wageni inashuka sana, tuseme lita 6. Petroli ikiwa 180 kwa lita, hiyo ni 1,080 kwa saa. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo rudia hesabu hii kila mwezi kabla ya kupanga nauli.

Propela na magugu

Propela huwa na namba mbili. Ya kwanza ni upana wake kwa inchi. Ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Boti nzito na ya polepole inataka namba ya pili iwe ndogo, kama vile gari linavyopanda mlima kwa gia ya chini. Kwa pantoni yenye injini ya 40, uliza propela za namba 9 hadi 11. Kampuni kadhaa pia huuza injini zenye gia nzito na propela pana kwa ajili ya boti za namna hii. Ukiipata, ni bora kuliko ya kawaida.

Naivasha ina gugumaji na mafunjo yanayoelea. Injini hupozwa na maji inayovuta kutoka ziwani, na magugu huziba matundu ya kuvutia. Mfundishe nahodha kutazama ule mchirizi mdogo wa maji unaotoka nyuma ya injini, ambao mafundi huuita mkojo. Mkojo ukikatika, zima injini papo hapo, iinue na uisafishe. Kuendelea dakika chache tu kunaweza kuiua injini kabisa.

Sasa tushike simu

Tuseme umepata injini sahihi kwa 430,000. Kikomo cha muamala mmoja ni 250,000 na cha siku nzima ni 500,000. Unaweza kulipa kwa mara mbili siku hiyo hiyo, 250,000 kisha 180,000, na ubaki na 70,000 ya usafiri. Kwa kuwa akaunti yenyewe haibebi zaidi ya 500,000, pesa nyingine ya chama ikae benki au kwenye sacco.

Lakini usilipe zote kwa mkupuo. Toa dipositi ndogo baada ya muuzaji kukuandikia, hata kwa ujumbe, mambo haya: jina na modeli, hosipawa, mipigo, urefu wa shafti, namba ya injini, mpya au iliyotumika, na kama kuna garantii. Ongeza sentensi moja: shafti ikiwa si inchi 20, dipositi inarudi. Mjomba angekuwa na hiyo sentensi, mazungumzo yangekuwa tofauti.

Lipa kwa namba ya Till au Paybill ya biashara, si kwa namba ya mtu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Lisipofanana na la duka, simama. Akikwambia “hiyo ni ya bibi yangu, tuma tu”, mwambie utafika dukani.

Na hapa ndipo wateja wengi huchanganyikiwa. Huduma ya kurudishiwa pesa inahusu namba iliyokosewa. Haihusu mali iliyokosewa. Kama ulimtumia mtu uliyekusudia kumtumia, kwetu sisi muamala huo ulifika vizuri, hata kama alichokuletea ni takataka. Ndiyo maana ombi la chama lilikataliwa. Ugomvi wa bidhaa unautatua kwa risiti na makubaliano ya maandishi, kwa hivyo dai risiti ya eTIMS yenye namba ya injini. Linganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye kibati cha injini, pale inaposhikwa na boti. Namba ikiwa imekwaruzwa, toka hapo.

Salio lilipwe mkiwa mmesimama mbele ya injini, imewashwa ndani ya tangi la maji, mkojo unatoka. Watu wawili wa chama wawepo: mmoja anapima shafti, mweka hazina ndiye anayelipa. PIN ni ya mweka hazina peke yake, lakini ujumbe wa muamala upelekwe kwenye grupu ya WhatsApp dakika hiyo hiyo, na taarifa ya mwezi itolewe kwenye mkutano.

Bakisha pesa pia ya ukaguzi wa KMA, mamlaka inayosimamia vyombo vya majini, na ya jaketi za kuokolea, moja kwa kila kichwa akiwemo nahodha. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya dipositi, la sivyo mtakuwa na injini nzuri na boti isiyoruhusiwa kubeba mtu.

Chama cha mjomba kimeanza kuchanga tena. Safari hii yeye ndiye anayebeba futi kamba mfukoni, na wiki iliyopita alinipigia simu akiuliza kama hosipawa 40 ya mipigo minne iliyotumika miaka mitatu ni sawa. Nilimwambia aombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda, na namba zisitofautiane sana. Fundi anaenda Jumamosi.