Maulana Azad na Kurasa Thelathini



Sisi tunaoishi katika nchi ambayo Waislamu ni wachache huulizwa mara kwa mara: kwanza wewe ni Muislamu au ni mwananchi? Swali hilo lilimwandama maisha yake yote Maulana Abul Kalam Azad wa India, mwanachuoni, mwandishi na mwanasiasa.

Alizaliwa Makka mwaka 1888, akakulia Calcutta. Mwaka 1912 alianzisha gazeti la Kiurdu, Al-Hilal, lililowahimiza Waislamu kuupinga utawala wa Waingereza. Serikali ililibana mpaka likafungwa mwaka 1914. Baadaye yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini Ranchi.

Mwaka 1940 chama cha Muslim League, chini ya Muhammad Ali Jinnah, kilidai Waislamu wa India wawe na dola zao. Azad, wakati huo rais wa chama cha Congress, alikuwa na msimamo tofauti, alioutoa katika hotuba yake ya Ramgarh mwaka huohuo: anajivunia Uislamu wake na anajivunia kuwa Mhindi, wala haoni sababu ya kuacha kimoja. Jinnah alimkejeli kuwa ni pambo tu la Congress.

Mwaka 1947 nchi iligawanyika. Azad alibaki India, akawa Waziri wa Elimu hadi alipofariki mwaka 1958.

Mwaka uliofuata zilitoka kumbukumbu zake, India Wins Freedom. Humo aliwalaumu wenzake, Nehru na Patel, kuhusu mgawanyiko. Lakini hakujisahau: alikiri kwamba kuachia urais wa Congress mwaka 1946 na kumuunga mkono Nehru pengine ndilo kosa kubwa kuliko yote katika siasa zake. Kurasa 30 hivi aliagiza zifungwe kwa miaka 30. Zilifunguliwa mwaka 1988.

Mtu anaweza kuuliza: mbona hakuyasema akiwa hai? Ni swali la haki, na heshima yetu kwake isituzuie kuliuliza. Hata hivyo, Surat an-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Ni viongozi wangapi wa jumuiya zetu za wanafunzi, wakimaliza muda wao, huandika kwenye ripoti: hapa nilikosea mimi?

Tuanze sisi, tena tungali hai.

Wabillahi tawfiq.