Dawa Nafuu Isiyomfikia Mgonjwa: Kifafa kwa Mtu Mzima Asiye na Bima

Somo la robo hii kwa kamati za parokia na wahisani



Wengi wetu hapa Nyasho tunamfahamu mtu mzima ambaye majirani humwita "yule anayeanguka". Mkono wake una kovu la moto wa mafiga. Zamani alikwenda ziwani na wenzake, lakini siku hizi hakuna mwenye mtumbwi anayekubali kumpakia. Akiwa mama, shemeji zake wamemkataza kupika peke yake. Kanisani hukaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, ili akianguka asiwasumbue wengine.

Tukiuliza kwa nini mtu huyu hatumii dawa, jibu huwa fupi: hana uwezo. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Katika somo hili tunataka kamati zetu zijiulize: ni kitu gani hasa anachoshindwa kukilipia? Tusipojua hilo, tutachanga fedha kila mwaka na mgonjwa ataendelea kuanguka.

Kifafa ni ugonjwa gani

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa povu, mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Kinaweza kutokana na uzazi mgumu, ajali ya kichwa, malaria kali iliyopanda kichwani utotoni, au minyoo ya tegu ya nguruwe iliyofika kwenye ubongo. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani, na hilo halizuii matibabu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema pia kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Kwa hiyo yule ndugu wa kiti cha nyuma huenda angeweza kurudi kazini kwake.

Dawa inayotumika sana katika nchi zetu ni fenobabitoni. Ilianza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na kabamazepini na nyinginezo. Wagonjwa wengi huimeza mara moja kwa siku, wakati wa kulala. Shirika hilo hilo linasema dawa ya mwaka mzima inaweza kugharimu kiasi kidogo hata cha dola 5 za Marekani.

Hapa tusimame kidogo. Ikiwa dawa ya mwaka inaweza kuwa na bei ndogo kiasi hicho, mbona mgonjwa anasema hana uwezo?

Hesabu ambayo hatuipigi

Tuchukue mfano wa kufundishia. Bei hizi ni za mfano tu. Kila kamati iweke za kwao. Mgonjwa ni kibarua asiye na bima. Anakwenda kliniki kila mwezi na msindikizaji, kwa sababu anaogopa kuanguka njiani.

Dawa ya mwezi: shilingi 3,000.
Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi: shilingi 4,000.
Chakula cha siku hiyo: shilingi 2,000.
Kibarua walichokosa wote wawili: shilingi 12,000.
Jumla: shilingi 21,000.

Dawa yenyewe ni sehemu moja tu kati ya saba. Fedha nyingine zote zimekwenda katika safari na siku iliyopotea. Sasa tuseme wamefika dirishani wakaambiwa, "Mama, dawa zimeisha, mrudi wiki ijayo." Wiki ijayo watatumia tena shilingi 18,000 kabla hawajashika kidonge kimoja. Ndipo mgonjwa anapoamua kukaa nyumbani. Tusimwite mzembe. Amepiga hesabu yake na ameiona haina faida.

Tuigeuze hesabu hiyo. Kama mganga ameridhika na hali ya mgonjwa akampa dawa ya miezi miwili kwa safari moja, atatumia shilingi 24,000 kwa miezi miwili, yaani 12,000 kwa mwezi badala ya 21,000. Bei ya dawa haikushuka hata senti moja, ila safari zimepungua.

Hatari ya kukatisha

Fenobabitoni huchukua kama wiki mbili hadi tatu kufikia kiwango chake mwilini. Mgonjwa anayeimeza siku tano akaona bado anaanguka, kisha akaiacha, hakuipa dawa nafasi ya kufanya kazi.

Hatari kubwa zaidi ni kuiacha ghafla baada ya kuizoea. Kuanguka kunaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, degedege moja likafuata jingine bila mgonjwa kupata fahamu katikati. Hali hiyo inaua. Ndiyo maana kumpa mtu dawa ya miezi mitatu na kumwacha mwezi wa nne si nusu ya msaada. Inaweza kuwa madhara. Aliyekaa muda mrefu bila kuanguka, kwa kawaida miaka miwili, anaweza kuzungumza na mganga wake juu ya kuipunguza, na hupunguzwa polepole.

Mtu mzima ana mambo mengine ya kumweleza mganga. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU aseme, kwa kuwa baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu yake. Mwanamke anayeweza kupata ujauzito aulize kuhusu dawa iitwayo valproeti, ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiache dawa yoyote kwa hofu kabla ya kuonana na mganga.

Bima na msamaha

Mtoto wa mtumishi hutibiwa kwa kadi ya mzazi wake. Akishavuka umri uliowekwa kwa wategemezi, hutoka kwenye kadi hiyo, lakini kifafa hakitoki naye. Kijana huyo mara nyingi hana ajira rasmi, pengine kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Hivyo anapoteza bima wakati anapoihitaji zaidi.

Kumekuwa na njia za kuwasaidia wasio na ajira rasmi. Chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa kuwa viwango na taratibu zimekuwa zikibadilika, kamati itume mtu mmoja akaulize katika ofisi ya bima au ya kata, kisha aje kuwaeleza wengine. Isiwe kila mgonjwa anakwenda kuuliza peke yake.

Upo pia msamaha. Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007 iliwaweka wagonjwa wa akili na wa baadhi ya magonjwa sugu miongoni mwa wanaosamehewa kuchangia gharama katika vituo vya umma. Wagonjwa wa kifafa mara nyingi huhudumiwa katika kliniki hiyo hiyo ya afya ya akili, na asiye na uwezo kabisa anaweza kuombewa msamaha kupitia afisa ustawi wa jamii, akiwa na barua ya mtendaji wa mtaa. Wengi hawajui hivyo, au wanaona aibu kuomba. Lakini msamaha hausaidii kitu siku ambayo kabati la dawa ni tupu. Siku hiyo mwenye msamaha na asiye nao wote huelekezwa famasi, na huko hakuna msamaha.

Kuwa kwenye orodha ya dawa muhimu bado kuna maana kubwa. Tuchukue mfano wa tatizo jingine la ubongo: watu wazima ambao tangu utotoni hawawezi kutulia wala kushika jambo moja hadi mwisho, kwa jina la kitaalamu ADHD. Dawa yao ijulikanayo zaidi, methilifenideti, iliombewa kuingizwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na mara zote mbili haikukubaliwa. Dawa iliyo nje ya orodha hiyo ni vigumu kuidai katika zahanati. Fenobabitoni tunaweza kuidai. Tuitumie nafasi hiyo.

Mfano wa Mahenge

Jambo hili si geni nchini mwetu. Karibu na mwaka 1960, daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alikuta huko Mahenge, katika Mkoa wa Morogoro, watu wengi wenye kifafa waliokuwa na makovu ya moto na waliotengwa na jamaa zao. Alianzisha kliniki na kuwatibu kwa fenobabitoni, na kliniki hiyo iliendelea na kazi baada ya yeye kuondoka.

Wakati huo hapakuwa na bima. Dawa ilikuwa hiyo hiyo ya zamani. Kilichokuwa kipya kwa wagonjwa ni kliniki iliyokuwa karibu nao, na watu waliowafahamu na kuendelea kuwafuata. Hilo kamati ya parokia inaliweza.

Mambo ambayo kamati inaweza kufanya

Kwanza, iwajue wagonjwa kupitia Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa siri na kwa idhini yao. Majina yasisomwe kanisani wala kubandikwa ukutani.

Pili, imwombe mganga mfawidhi siku moja maalum ya kliniki kwa wagonjwa hawa, na dawa ya miezi miwili au zaidi kwa walio imara. Msindikizaji mmoja wa kujitolea anaweza kuongozana na wagonjwa watatu au wanne wanaotoka mtaa mmoja.

Tatu, iulize kila mwezi, kabla ya siku ya kliniki, kama dawa ipo. Simu moja inaweza kuokoa safari kumi. Kituo nacho kikijua idadi halisi ya wagonjwa kitaagiza kiasi kinachotosha kutoka Bohari ya Dawa. Wagonjwa wanaokaa nyumbani hawamo kwenye hesabu ya kituo, na dawa yao haiagizwi.

Nne, iwe na mfuko mdogo wa dharura wa kununua dawa ya wiki chache famasi, kwa cheti cha mganga, pale inapokosekana kituoni. Kamati isihifadhi dawa ofisini mwa parokia. Fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa kisheria na hutunzwa na wenye kibali.

Tano, ifundishe huduma ya kwanza. Anayeanguka aondolewe karibu na moto na maji, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala asishikwe kwa nguvu. Ikizidi dakika 5, akimbizwe hospitali.

Wagonjwa na jamaa zao watataka kusali, na wengine watakuwa wamepita kwa waganga wa jadi. Tusianze kwa kuwagombeza. Tuwaambie kwamba sala na kidonge havigombani, na kwamba kidonge cha usiku kisirukwe hata siku ya mkesha.

Neno kwa wahisani

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunawaomba mambo mawili. La kwanza, msitume dawa kwenye mizigo ya wageni. Dawa hizi zinahitaji vibali, na mara nyingine hufika zikiwa karibu kuisha muda wake. Fedha kidogo ya nauli na ya mfuko wa dharura inasaidia zaidi. La pili, ahidini kiasi mnachoweza kukitimiza kwa miaka kadhaa, hata kama ni kidogo. Wagonjwa kumi wasiokosa dawa kwa miaka mitano ni bora kuliko hamsini wanaoipata mwaka mmoja na kuachwa. Mkiona mtasitisha, tuelezeni miezi sita kabla, ili tupate muda wa kutafuta njia nyingine.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika jumuiya yetu, ni watu wazima wangapi wana kifafa? Wangapi walimeza dawa jana usiku?
2. Tupige hesabu ya mgonjwa mmoja kwa bei za hapa kwetu. Ni gharama gani kubwa kuliko zote, na tunaweza kuipunguzaje?
3. Mara ya mwisho dawa ilipokosekana kituoni, wagonjwa walifanya nini? Sisi tulijua lini?
4. Nani atakwenda kuuliza juu ya bima na msamaha, na atatuletea taarifa tarehe gani?
5. Jumapili ijayo, nani atakwenda kukaa karibu na yule ndugu wa kiti cha nyuma?