Rangi, Grisi na Rodi: Vidokezo 7 vya Kuorodhesha Visivyochoreka

Mahindi ya Uasin Gishu yakianza kukauka shambani, simu za mafundi wa Eldoret hazitulii. Wa Moiben anataka mashine ya kupukuchua, wa Ziwa anataka ya kukatia ng'ombe majani, wa Turbo anauliza bei ya trela. Mchoro wako upo tayari kwenye kompyuta, kila bolti mahali pake, na orodha ya vipuri inatoka kwa kubofya mara moja. Raha iliyoje! Sasa itazame tena orodha hiyo. Rodi za kuchomelea ziko wapi? Rangi je? Grisi? Hakuna aliyevichora, basi hakuna aliyevihesabu, na pesa yake itatoka kwenye faida yako. Tenga jioni moja tu, tuliweke sawa jambo hili.

1. Usichore tone la grisi!

Huna haja ya kuhangaika na umbo la gundi. Programu za Inventor na SolidWorks zinakuruhusu kuingiza kijenzi pepe: kina jina, namba na maelezo, ila si lazima kiwe na mwili. Solid Edge nayo inapokea sehemu isiyo na picha, na Creo ina aina maalumu ya faili kwa ajili ya vitu kama rangi na gundi. Uko Eldoret National Polytechnic au Moi University kule Kesses na pesa ya leseni huna? FreeCAD ni ya bure, na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 inaunganisha sehemu za mashine na kukutolea orodha yake kwenye jedwali. Kanuni yangu ni fupi: kama kitu kinachukua nafasi ambayo kipuri kingine lazima kiikwepe, kichore. Mpira wa kuziba mafuta, chora. Gundi ya bolti, orodhesha tu.

2. "Grisi: 1" ni moja nini?

Kopo? Ndoo? Kidole? Programu imezoea kuhesabu vipande, kwa hiyo iambie kipimo. Katika Inventor, weka kipimo cha msingi cha kijenzi hicho kiwe gramu au lita. Katika SolidWorks, chagua sifa ya faili itakayosomwa kama idadi kwenye orodha. Dakika mbili, umemaliza.

3. Rangi ihesabiwe na kompyuta

Hapa ndipo utakapofurahi. Programu yako inalijua eneo la uso wa mashine nzima. Liko palepale penye uzito. Sasa chukua kopo la rangi au karatasi ya maelezo yake, utafute asilimia ya yabisi kwa ujazo. Izidishe kwa 10, kisha gawa kwa unene unaoutaka rangi ikishakauka, kwa mikroni. Rangi yenye yabisi asilimia 50, ikipakwa ibaki mikroni 50, itafunika mita 10 za mraba kwa lita, mkono mmoja. Ukitumia bunduki ya rangi ongeza theluthi, maana upepo wa Eldoret nao hudai fungu lake.

Ila jihadhari na tyubu! Programu huhesabu hata uso wa ndani, usiofikiwa na rangi. Tyubu ya mraba ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2 ina takriban mita za mraba 0.30 kwa kila mita ya urefu, lakini ya nje ni 0.16 tu. Fremu ya mita 12 ya tyubu hiyo itakudanganya karibu mara mbili. Toa ya ndani kwanza, ndipo upige hesabu.

4. Rodi kwa gramu, si kwa macho

Mshono wa kona wenye mguu wa milimita 5 ni pembetatu: 5 mara 5, gawa kwa 2, unapata milimita za mraba 12.5. Kwa mita moja, hicho ni chuma cha gramu 98 hivi. Lakini rodi haigeuki mshono yote. Kuna maganda, kuna cheche, kuna vile vipande vinavyotupwa, kwa hiyo chukulia kwamba asilimia 60 ndiyo inayobaki. Andika gramu 165 kwa mita. Pima urefu wa mishono kwenye mchoro, zidisha, na ukumbuke kuwa pande mbili ni mishono miwili.

5. Beringi hazina njaa hivyo

SKF, watengenezaji wa beringi, wana kanuni nyepesi ya kuongeza grisi: kipenyo cha nje mara upana, kwa milimita, mara 0.005, unapata gramu. Beringi ya 6205 ni 52 kwa 15, kwa hiyo gramu 4 zatosha. Beringi nne ni gramu 16, na kopo la gramu 500 litahudumia mashine 30. Kwa nini umbebeshe mteja mmoja kopo zima?

6. Kinachoondoka na mashine, na kinachobaki karakana

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Jiulize: fundi wa Kitale akiifungua mashine hii miaka mitatu kutoka sasa, atahitaji kukijua kitu hiki? Aina ya grisi, ndiyo. Rangi, ndiyo. Gundi ya bolti, ndiyo kabisa! Loctite 243 inafunguka kwa spana ya kawaida, lakini 271 inataka bolti ipashwe moto mkali kwanza. Asipoambiwa ni ipi, atavunja bolti bure. Basi iandike kwa jina kamili, na kwenye mchoro weka mshale wenye namba yake unaoonyesha hasa inapopakwa.

Diski za grainda, msasa na thina ya kuoshea bunduki havimhusu fundi huyo. Viweke kwenye orodha ya pili, ya gharama za karakana. Vilipiwe, lakini visisafiri na mashine.

7. Safu moja ya mchoro, safu moja ya hadiwea

Mchoro unasema lita 2.6; dukani kuna kopo la lita 1, la lita 4 na ndoo ya 20. Ongeza safu ya "nunua" kando ya safu ya kipimo, na aliyetumwa dukani hatapiga simu mara tano. Na ile alama ya AR ya michoro ya Kimarekani, yaani kadiri inavyohitajika? Iachie vitu vya senti chache, kama tepu ya kufungia nyuzi za mabomba. Rodi na rangi zipe namba. Mashine ya kwanza ikikamilika, pima rodi na rangi zilizobaki, usahihishe namba hizo kwenye faili siku hiyohiyo, kabla mtu wa Ziwa hajapiga simu tena kuuliza bei.