Upepo wa Gari Ukikataa Amri

Somo letu la leo ni la gari. Hata asiye na gari analipanda. Gari linaloleta marobota ya tumbaku Urambo, au linalompeleka mgonjwa Tabora, ni letu sote.

Dereva anageuza kitasa ili upepo uje kifuani. Feni inavuma vizuri, lakini upepo wote unapanda kwenye kioo cha mbele. Anaambiwa anunue feni mpya. Ananunua, na ugonjwa uko pale pale. Kumbe feni haikuwa mgonjwa!

MVUTO WA HEWA

Tuchukue mfano wa mrija wa soda. Ukinyonya, soda inapanda. Mrija ukitoboka, unanyonya hewa tu. Baadhi ya magari ya zamani, kama zile Mercedes-Benz W123 zilizozinduliwa mwaka 1976, hutumia njia hiyo hiyo. Hewa inanyonywa kwa mipira myembamba. Mvuto huo unavuta viwambo vya mpira, na viwambo vinasukuma vibao vinavyoelekeza upepo.

Mvuto ukipotea, katika magari mengi ya namna hii springi hurudisha upepo kwenye kioo. Hilo ni makusudi. Siku ya mvua kioo kikishika ukungu, dereva haoni njia.

Magari mengi ya siku hizi hutumia mota ndogo za umeme. Basi, kwanza tujue gari letu ni la namna gani.

TUTAFUTE PANAPOVUJA

1. Washa feni. Kama upepo hautoki popote, tazama fyuzi na feni. Kama unatoka ila mahali pasipotakiwa, endelea.

2. Washa injini mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda. Moshi wa gari una sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Sikiliza sauti ya "sss" chini ya deshibodi na kwenye injini. Weka mikono na nguo mbali na mkanda.

3. Zima injini, iache ipoe. Fuata mpira toka mwanzo hadi mwisho. Joto hukausha mpira ukapasuka, na mtikisiko huuchomoa. Uliopasuka ubadilishe kwa mwingine wa unene ule ule.

4. Je, upepo unahamia kwenye kioo gari likipanda mlima na mzigo, kisha unarudi kwenye tambarare? Shuku vali ya njia moja. Ichomoe, ifute, ipulize. Hewa ipite upande mmoja tu. Ikipita pande zote mbili, vali imekufa.

5. Chomeka kipande safi cha mpira kwenye kiwambo, nyonya taratibu, ziba kwa ulimi. Mkono wake usogee na ubaki hapo. Ukirudi, kiwambo kimechanika.

BREKI NDIYO KUBWA

Hebu tusikilizane hapa. Katika gari la petroli, mvuto unaosaidia breki hutoka kwenye injini ile ile. Gari la dizeli kwa kawaida lina pampu ya mvuto, na pampu hiyo hiyo inaweza kuhudumia upepo na breki. Kwa hiyo upepo ukigoma, pima breki.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, zima injini. Kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mguu ukiwa bado juu yake, washa injini. Pedali ikizama kidogo, msaada upo. Ikibaki ngumu kama jiwe, gari lisitoke. Mwite fundi. Abiria wakikasirika, wakasirike.

Urambo yetu ina historia ya mashine. Mradi wa karanga wa wakoloni ulianza Kongwa mwaka 1947, ukafika Urambo na Nachingwea, ukafungwa 1951. Moja ya mambo yaliyouangusha ni matrekta kuharibika bila mafundi na vipuri vya kutosha. Mashine haitaki pesa tu. Inataka mtu anayeielewa. Anayejua kusoma anaweza kuwa mtu huyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini feni mpya haikuponya gari?
2. Kwa nini springi inapeleka upepo kwenye kioo?
3. Kijijini kwenu, nani hupima breki kabla ya safari? Mara ngapi?