Ukituma Pesa, Ulizia na Sufuria

Wiki hii nina swali la msomaji anayefanya kazi Dar es Salaam, mama yake yuko kijijini Singida. Anasema: "Dada, kila mwezi namtumia mama elfu hamsini. Nilipokwenda kumsalimia nikamkuta amebaki mifupa, kitenge kinamvuka. Majirani wanasema ni uzee tu. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, hilo la "uzee tu" liweke kando. Ni kweli umri hupunguza misuli na hamu ya kula, lakini mtu mzima wa kilo 50 akipungua kilo mbili na nusu ndani ya miezi sita bila kukusudia, apelekwe zahanati. Huenda ni kifua kikuu, kisukari, au meno yanayomuuma na hasemi. Huenda pia ni njaa. Hilo la njaa sisi watoto tunaona haya kulitaja, maana pesa si tunatuma?

Haya, nikuulize. Pale kwa mama wanakula wangapi? Nyumba nyingi nazijua: kaka kaacha watoto wawili, dada kaleta wa kwake, na bibi ndiye mlezi. Vinywa vinne. Elfu hamsini ukiigawa kwa siku 30, kila mmoja anapata kama shilingi 400 kwa siku, na hapo sijatoa makato ya wakala, sabuni, madaftari na deni la dukani. Ikifika kupakua, bibi anawawekea wajukuu kwanza. Ukimuuliza anakwambia ameshiba, kanywa chai. Chai yenyewe ya rangi, hata kipande cha kiazi hakuna. Kuku wapo uani, ila mayai yanasubiri siku ya mnada.

Usimgombeze. Ukimpelekea maziwa yake peke yake atawagawia watoto, na wewe ungefanya hivyo hivyo. Huwezi kumshibisha bibi ukiwaacha wajukuu na njaa, kwa hiyo panga chakula cha nyumba nzima.

Anza na ndugu zako. Kila mwenye mtoto pale achangie chakula cha mtoto wake. Najua yatakuja maneno, mtanuniana wiki mbili. Lisemeni tu.

Halafu sehemu ya pesa igeuze chakula. Msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, nunua mahindi, maharage na karanga za kutosha miezi kadhaa. Vianikwe vikauke sawasawa, visikae chini sakafuni, na karanga zenye ukungu zitupwe. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo zile mbovu asipewe mtu kwa kuona huruma ya kuzitupa.

Tukija kwenye sahani, wataalamu wa lishe hushauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mama yako, kama ana kilo 50, ni gramu 50 hadi 60. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Ugali na mlenda mtupu hauwezi kufika huko. Mlenda utiwe karanga zilizotwangwa. Dagaa wakaangwe, wasagwe, wachanganywe kwenye mboga. Maharage yalowekwe usiku kucha, yaive hasa, yapondwe asihangaike kutafuna. Mayai mawili matatu kwa wiki yasiende mnadani. Wewe ongeza hiyo pesa ya mayai. Ale kidogo kidogo mara nne au tano, na chai ya rangi ingoje kama saa moja baada ya chakula, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma. Kama ana ugonjwa wa figo, muulize daktari kwanza kuhusu protini.

Msimwache ale jikoni peke yake. Mtu anayekula mwenyewe hushiba kwa matonge mawili.

Kuna na haki zake. Zanzibar wenye miaka 70 na kuendelea wana Pensheni Jamii tangu 2016, na wasomaji wangu wa Kenya wana Inua Jamii, Sh 2,000 za kwao kwa mwezi. Tanzania Bara hatuna pensheni ya wazee wote, ila nenda kwa mtendaji wa kijiji ujue kama kaya ya mama imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Uliza pia kuhusu matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Yameandikwa kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Nenda mwenyewe, mama hatakwenda kuomba.

Na ukipiga simu, usiishie kwenye "mama, hujambo?" Atakujibu sijambo hata kama hajala tangu asubuhi. Muulize jana usiku walipika nini, yeye alikula kiasi gani, alikula na nani. Kisha zungumza na mjukuu mkubwa, watoto hawajui kuficha. Mama apimwe uzito zahanati wiki hii, kilo ziandikwe kwenye daftari, apimwe tena baada ya mwezi. Kilo zikizidi kushuka na chakula kipo, mrudishe kwa daktari usingoje mwezi wa pili.